Mweupe Pee

Dakta Severini Ngonyani aliisikia harufu ya kahawa kabla hajamwona aliyeinywa. Ilitangulia yenyewe kuingia katika chumba cha maandalizi, chungu, nzito, yenye tangawizi. Likafuata tumbo, na nyuma ya tumbo akaja mwenyewe: Laurenti Kikoti, mgombea wa kiti cha Msimamizi wa Maji wa Jiji la Songambele. Alikuwa amevaa gauni la hospitali linalofungwa mgongoni kwa kamba mbili, na alilivaa kana kwamba ni joho la kuapishiwa.

"Mtani!" alinguruma. "Bado hujafa tu?"

"Nikifa mapema nani atakuzika wewe?" Ngonyani hakuinua macho kutoka kwenye sindano aliyokuwa akiiandaa. "Tena subiri kwanza hapo hapo. Mlinzi wa getini hajamfungia mbwa wake. Nilisahau kumwambia kwamba leo anakuja Mhehe mwenye njaa."

Kikoti alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mtu aliyezoea majukwaa, lakini kilikatika katikati kama maji ya bomba, na mwenyewe akajifanya anakohoa.

"Afadhali sisi tulikaa kwetu tukapigana," alisema alipopata pumzi. "Nyie Wangoni mlikimbia toka kusini kabisa, mkakimbia, mkakimbia, mlipofika huku miguu imechoka mkasema mmekuja kututawala."

Ndivyo walivyoongea siku zote. Mababu zao waliuana vitani, kisha ikabidi wazikane, na tangu hapo Mngoni na Mhehe wana ruhusa ya kutukanana mbele za watu, na anayekasirika ndiye mshamba. Ngonyani aliuona utani huo kama zawadi. Ulimruhusu kumwambia Kikoti usoni yale yale aliyoyafikiri juu yake, na bado akapigwa bega kwa furaha.

Na aliyoyafikiri hayakuwa madogo. Ngonyani alikuwa mtu wa dharau nyingi, na alizipanga vizuri kama mtu anavyopanga vyombo kabatini. Lakini dharau yake kwa Kikoti ilikaa rafu ya juu peke yake. Kiangazi kilichopita, Mtaa wa Ngazini ulikaa bila tone la maji, akina mama wakipanda na kushuka na madoo, ilhali parachichi za Kikoti kule mlimani zilinenepa na kung'aa kama zilizopakwa mafuta. Jiji zima lilijua nani alikuwa amejichongea ufunguo wa valvu. Alipoulizwa hadharani, Kikoti alilia kwenye maikrofoni na kusema mvua ni kazi ya Mungu.

"Umekunywa kahawa," Ngonyani alisema.

"Mimi? Wakati naijua sheria?"

"Sikukuuliza. Nimekwambia."

"Hiyo pafyumu, mtani. Ya kisasa."

Nyuma ya Kikoti alisimama mkewe, Fidea, mwanamke mwembamba wa maneno machache, ameshika kikapu. Mdomo wa chupa ya chai ulichungulia kikapuni. Fidea aliona macho ya daktari yalipotua, akaifunika chupa kwa kanga, taratibu, bila kujificha.

*

Sheria yenyewe ilizaliwa na sentensi moja. Zamani, mashine ya sumaku ilipokuwa bado ya wagonjwa, diwani mmoja aliletwa kuitembelea, akamwuliza fundi wa zamu kile kinachong'aa kwenye kioo ni nini. Fundi alikuwa na njaa na alitaka aondoke akale. "Huo ni moyo mweupe, mheshimiwa," alijibu. "Moyo mzuri. Ungekuwa na weusi, hapo tungekuwa na mashaka."

Diwani akaganda. Tangu utoto wake alikuwa akisikia fulani ana moyo mweupe na fulani ana moyo mweusi, akidhani watu wanasema tu. Kumbe kuna mashine!

Kutoka hapo Songambele likawa jiji ambalo hakuna mtu anayekabidhiwa mali ya umma kabla moyo wake haujaoneshwa ukutani, mbele ya wananchi, katika ukumbi uliojengwa kwa kazi hiyo. Mweupe alipewa ofisi. Mweusi alitolewa nje ya mipaka ya jiji mpaka mwaka upite. Wodi ya moyo ilifungwa na kugeuzwa stoo ya viti vya plastiki, kwa hoja ambayo Katibu wa Baraza, Bi Mwajabu, aliisoma bila hata kutabasamu: mweupe haihitaji, na mweusi haistahili. Aliyetaka kutibiwa moyo kama moyo alipaswa kuvuka mpaka, na kuvuka mpaka kwa ajili hiyo kulikuwa ni kujitangaza.

Ngonyani, aliyesomea magonjwa ya moyo mpaka nywele zikamtoka, alipewa cheo cha Msomaji. Kazi yake ilikuwa kutuma picha ukutani na kutamka neno moja kwenye maikrofoni. Aliikubali kwa sababu mashine ilikuwa nzuri mno kuachiwa wajinga, na alijifariji kwa maneno matatu aliyoyarudia kila jioni akinawa mikono: mimi nasoma tu. Hakuwahi kutamka neno ambalo picha haikulisema. Huo ndio ulikuwa usafi wake, na aliuonea fahari kuliko hao weupe walivyouonea wao.

Sasa mwisho ulikuwa karibu. Wiki iliyofuata Baraza lingejadili hoja ya kuifuta sheria, na ushahidi bora ulikuwa umemjia kwa miguu yake mwenyewe, ukinuka tangawizi. Maana Kikoti akitangazwa mweupe, nani katika Mtaa wa Ngazini angeiamini tena mashine? Hata mtoto angecheka. Sheria ingekufa kwa aibu, na Ngonyani angesimama pembeni, mikono mifukoni, bila kusema uongo wowote.

*

Kipimo ni rahisi kueleweka na mtu anayetaka kuelewa, na Songambele watu wa namna hiyo walikuwa wachache.

Anayepimwa hulazwa chali ndani ya sumaku kubwa yenye tundu kama la tanuri la mkate. Dawa ya kwanza hupitishwa mshipani kuudanganya moyo kwamba unapanda mlima. Mishipa iliyo mizima hupanuka ili kupitisha damu zaidi. Uliozibika hauwezi, nao hunyang'anywa hata kidogo ulichokuwa nacho. Kisha hupitishwa dawa ya pili, ya kung'arisha. Inakimbia pamoja na damu, na kila misuli inayofikiwa na damu huwaka nyeupe kwenye kioo. Isiyofikiwa hubaki nyeusi. Basi. Ni habari ya mabomba na mtaa uliokosa maji. Msimamizi wa Maji yeyote angepaswa kuielewa kabla ya kifungua kinywa.

Lakini kahawa huitangulia dawa ya kwanza na kuikalia kiti. Moyo uliokunywa kahawa haupandi mlima wowote. Unabaki barazani umekunja nne. Na moyo ulio barazani, hata kama mshipa wake umebanwa, hupata damu ya kuutosha, ukaonekana mweupe wote. Wakubwa wa Songambele waliijua siri hiyo, ingawa waliijua kijinga: waliamini kahawa huuosha moyo.

"Unajisikiaje?" Ngonyani aliuliza kwenye kipaza sauti, macho kwenye kioo. Dawa ya kwanza ilikuwa imeshaingia.

"Safi kabisa!" Sauti ya Kikoti ilitoka ndani ya sumaku kama ya mtu aliye kisimani.

"Uso hauwaki moto? Kifua hakibani?"

"Hata jasho, mtani! Kwa nini kibane? Mimi sina cha kuficha."

"Bana pumzi. Usiongee. Najua kwako ni adhabu."

Mashine iligonga kama mafundi bati kumi juu ya paa moja. Kwenye kioo damu iling'aa kwanza katika upande wa kulia wa moyo, ikapotea kwenda mapafuni, ikarudi kushoto, na hatimaye misuli yenyewe ikaanza kuwaka, pete nzima, bila doa. Nyeupe pee.

Ngonyani aliegemea kiti na kujisikia vizuri. Mjinga alikuwa amemletea alichokitaka, tena kimefungwa kwa kamba mbili mgongoni.

Angeweza kumtoa hapo. Baraza lilikuwa limepiga marufuku picha ya pili siku nyingi, kwa sababu "inawachanganya wananchi," na ni kweli iliwachanganya. Katika picha ya pili, inayopigwa baada ya dawa kupata muda wa kupita na kuondoka, mambo yote hugeuka: misuli mizima huwa imeshaiachia dawa, hivyo huonekana nyeusi tii. Kinachobaki cheupe ni kovu, nyama iliyokufa, ambayo huing'ang'ania dawa kwa kuwa haina tena uhai wa kuisukuma. Madiwani walipooneshwa kwamba kuna weupe ambao ni kifo, walipiga kura, wakaifuta.

Ngonyani aliipiga kila mara, kwa ajili yake mwenyewe. Hakutaka kuwa fundi wa maneno ya watu wengine tu. Kwa hiyo alisubiri, akimwacha Kikoti aimbe wimbo wa kampeni ndani ya sumaku, kisha akaipiga.

Pete ilirudi nyeusi, kama ilivyotakiwa. Isipokuwa upande wa mbele. Pale palikuwa na ukanda mweupe, mwembamba, uliopinda kama ukucha uliokatwa.

Aliuangalia kwa muda. Kovu. Siku moja isiyojulikana, pengine siku ambayo Kikoti alikunywa maji ya limau na kusema ni kiungulia, mshipa mkubwa wa mbele ulikuwa umejifunga kwa muda na kuua kipande. Misuli inayolizunguka kovu hilo bado ilikuwa hai, ikinywa kutoka kwenye mshipa ule ule, na kila mlima halisi ambao Kikoti angeupanda ulikuwa ni kubahatisha.

Alimkumbuka marehemu Tweve, Msimamizi wa Masoko. Naye alikuwa mweupe pee ukutani, na mwenye ukucha kama huu kwenye picha ya pili. Ngonyani alimwambia. Alimwambia kabisa, faraghani, kwa maneno ya kitabibu. Tweve alitabasamu, akaanguka jukwaani akifungua soko la nyanya. Wakamzika kwa sherehe na kusema malaika wamemchukua kwa sababu dunia haikumfaa.

Lakini alimwambia. Si alimwambia?

*

"Una mshipa unaoziba," alimwambia Kikoti katika chumba cha kuvalia. "Sehemu ya moyo wako imeshakufa. Usipozibuliwa utafuata wote."

Kikoti alikuwa akihangaika na kifungo cha shati. Aliinua kichwa na uso ukamchanua.

"Wewe! Leo umekuja na ya kisasa. Kila mwaka huwa unaniua kwa njaa au kwa radi."

"Siongei kama mtani. Naongea kama daktari."

"Ndivyo mtani mzuri anavyosema." Alimgeukia mkewe. "Umemsikia? Hata sura ameitengeneza. Huyu angekuwa mwigizaji."

"Kahawa imeuficha ugonjwa. Nipe siku mbili, usiinywe, nikupime upya."

"Ahaa!" Kikoti alimnyooshea kidole, akitikisa tumbo kwa raha. "Nirudi tena, hapa katikati wapinzani wangu wapate la kusema. Wangoni nyie! Nani amekutuma? Haya, acha. Nioneshe moyo wangu."

Ngonyani alimwonesha picha ya kwanza kwenye kioo kidogo cha mkononi, kwa kuwa ilikuwa haki yake kisheria kuiona kabla ya umma. Alisubiri majigambo. Hayakuja. Kikoti alikishika kioo kwa mikono miwili, akaiangalia pete ile nyeupe, na machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye ndevu, tofauti kabisa na yale ya maikrofoni.

"Mama angeuona," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu nikiwa mdogo aliniita moyo mweusi. Niliiba asali ya mjomba, nikasingizia mtu mwingine. Hakunisamehe. Alikufa akiniita hivyo hivyo. Angeuona, mtani. Mweupe pee."

Ngonyani alimtazama kwa mshangao uliomchukiza. Mtu huyu aliamka alfajiri, akanywa kahawa ili aidanganye mashine, mashine ikadanganyika, na sasa anaiamini! Ameghushi hundi na anakwenda benki kwa moyo mweupe kuitoa. Katika maisha yake marefu ya kudharau watu, hakuwahi kukutana na ujinga uliokamilika kiasi kile, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba haukuwa na uovu ndani yake. Ulikuwa wa mtoto.

Alitoka nje kwenye korido bila kuaga. Nyuma yake alisikia kandambili.

"Shemeji."

Fidea alisimama mbali kidogo, kikapu kimebanwa kifuani.

"Kahawa niliipika mimi," alisema. "Aliniambia niipike nzito, nikaipika."

"Najua."

"Tukipanda shambani kwenye parachichi, siku hizi anasimama njiani. Nikimwuliza, anasema anaangalia mandhari." Alikivuta kikapu karibu zaidi. "Laurenti hajawahi kupenda mandhari."

Ngonyani aliutazama mlango wa chumba cha kuvalia.

"Ulivyomwambia mle ndani, ni kweli?"

"Ni kweli, shemeji."

"Atakufa lini?"

"Sijui. Anaweza kufa akipanda ngazi za ofisi yake mpya. Wenye kuzibua wako ng'ambo ya mpaka tu hapo. Si kazi kubwa. Lakini lazima aende, na hataenda."

"Hataenda," Fidea alikubali. "Akishakuwa mweupe atakwenda kufanya nini? Nami nikimwambia atasema umenijaza maneno." Alimtazama daktari, na sauti yake, iliyokuwa ya adabu siku zote, ikapata makali. "Nyie watani mmezoea kuuana kwa mdomo. Sasa yamekuja ya kweli, na huna mdomo mwingine wa kuyasemea."

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi sijasoma. Nataka mume, sitaki Msimamizi."

Akarudi chumbani kumfunga mumewe tai.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Akina mama wa Mtaa wa Ngazini walikaa safu za mbele na madoo yao matupu miguuni. Walikuja nayo makusudi. Kikoti alisimama chini ya ukuta mkubwa mweupe, amevaa suti ya rangi ya maziwa, akipunga mkono. Bi Mwajabu, Katibu wa Baraza, aliinama kwenye maikrofoni na kusoma jina la mgombea kwa sauti aliyoitumia pia kwenye harusi na misiba.

"Msomaji," alimalizia, "tuoneshe moyo wa mwenzetu."

Kwenye meza ya Ngonyani picha mbili zilikaa bega kwa bega. Kidole chake kilikuwa juu ya ya kwanza.

Hakuhitaji kufanya lolote la ajabu. Atume nyeupe, atamke nyeupe, atazame nyuso za safu ya mbele. Wiki ijayo madiwani wangeulizwa: hii ndiyo mashine yenu? Na sheria ingezikwa, na wodi ingefunguliwa, na watu wengi ambao Ngonyani hakuwajua majina wangetibiwa kama watu. Hesabu ilikuwa rahisi. Upande mmoja jiji zima. Upande wa pili mwizi mmoja wa maji, aliyejipikia kifo chake kwenye chupa ya chai na kuonywa mara mbili. Nani angemlaumu? Yeye anasoma tu.

Tatizo lilikuwa kwamba aliijua tayari ladha ya maneno hayo. Aliyasema siku ya mazishi ya Tweve, akiwa amesimama katikati ya watu waliokuwa wakiimba, na yalikuwa na ladha ya sabuni.

Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kizamani, ambalo msomi kama yeye angeona haya kulitaja. Mtani akifa, ni mtani wake anayetangulia makaburini. Ndiye anayelala ndani ya kaburi na kugoma kutoka, ndiye anayewachekesha wafiwa. Ngonyani alijiona amelala mle, mikono kifuani, akifanya mzaha juu ya mtu ambaye angeweza kumrudisha hai kwa neno moja.

"Msomaji?" Bi Mwajabu alisema.

Mpumbavu huyu, aliwaza Ngonyani. Mpumbavu mkubwa huyu.

Akatuma picha ya pili.

Ukuta ukageuka giza. Pete nyeusi, kubwa kama mlango wa kanisa, ilining'inia juu ya suti ya rangi ya maziwa, na upande mmoja wake ule ukucha mweupe uking'aa peke yake. Ukumbi ukashusha pumzi kwa pamoja. Ilikuwa picha ya kweli, ya aina ambayo ukumbi ule haukuwahi kuoneshwa. Hakuna mtu aliye mzima duniani ambaye picha yake ya pili isingekuwa nyeusi vile, akiwemo Ngonyani, akiwemo Bi Mwajabu mwenyewe. Sehemu pekee iliyoumwa katika moyo ule ilikuwa ile nyeupe. Alijua anatumia ukweli kusema uongo, ili uongo ufikishe ukweli mahali ambapo ukweli wenyewe ulikataa kwenda. Aliivuta maikrofoni.

"Mweusi," alisema.

Kelele iliyofuata haikuwa ya watu; ilikuwa ya madoo. Akina mama wa Ngazini waliyapiga sakafuni, yakalia kama ngoma. "Mwizi! Mashine imemwona! Imeyaona maji yetu!" Mwanamke mmoja alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa teknolojia.

"Na ule weupe pembeni, Dakta?" Bi Mwajabu aliuliza, kalamu mkononi, kwa kuwa alipenda mambo yaandikwe vizuri.

Ngonyani alimtazama Kikoti. Mtu mzima yule alikuwa ameugeukia ukuta, amekiinua kichwa, mdomo wazi, kama mtoto aliyeitwa jina lake na mama aliyekufa.

"Ule," alisema Ngonyani, "ndio mahali pa kuanzia matibabu. Nje ya mpaka. Leo hii, kama sheria inavyosema."

"Mtani?" alisema Kikoti.

Halikuwa tusi wala mzaha. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwake likiwa na swali. Fidea alikuwa ameshamshika mumewe mkono, kikapu begani, akimwongoza mlangoni katikati ya madoo, na hakugeuka nyuma.

*

Hoja ya kuifuta sheria haikupigiwa hata kura. Nani angethubutu? Mashine ilikuwa imemkamata mwizi ambaye polisi, madiwani na waandishi wa habari walimshindwa. Aliyeileta hoja aliiondoa mwenyewe na kuomba radhi. Picha ya Ngonyani ilitundikwa ukumbini, amekunja uso, na wageni kutoka miji ya jirani walianza kuja kujifunza. Walimpa mkono kwa mikono miwili. "Wewe ndiye uliyemsoma Kikoti," walisema, wakimtazama kifua chake mwenyewe kwa woga kidogo. Watoto wawili wa Ngazini waliitwa Severini.

Alifundisha. Aliwaeleza habari za sumaku na damu, nao waliandika "weupe" na "weusi" na kupigia mstari.

Alidhani angejidharau kuliko alivyowadharau wao, na siku nyingine ilikuwa hivyo. Siku nyingine, akinawa mikono jioni, alijikuta akisahau kuyasema yale maneno matatu.

Simu iliita mchana mmoja, akiwa anakula kande mezani kwake.

"Mkimbizi!" ilinguruma. "Bado hujafa?"

Ngonyani aliweka kijiko chini.

"Wamenizibua, mtani. Wameniingizia waya kuanzia mkononi, hapa kwenye kifundo cha mkono, ukaenda mpaka ndani. Wameniwekea kitu kama chujio la chai. Fidea aliwabana mpaka wakakubali kunipokea siku ile ile. Daktari bingwa akasema ningechelewa kidogo tu, basi."

"Basi," alisema Ngonyani.

"Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli."

"Nilikuwa nasema kweli."

"Ungeniambia!"

Ngonyani alifumba macho.

"Sasa sikia," Kikoti aliendelea, na sauti ikashuka kama ya mtu anayetoa siri. "Walipomaliza nilimwuliza yule daktari bingwa, dada mmoja hivi mkali kama pilipili. Nikamwuliza, sasa umekuwa mweupe? Akaniuliza, nini mweupe? Nikamwambia, moyo, dada yangu, moyo! Akawaita wenzake wakaja kunitazama. Hawajui kitu, mtani! Wana mashine kubwa kuliko yako na hawajui hata inasema nini. Nimewahurumia."

"Umewahurumia."

"Mwaka ukipita narudi. Utanipima tena, mbele ya wote, na wale mama wa madoo wawepo. Safari hii nakuja bila kahawa. Kwa haki kabisa." Akashusha sauti tena. "Mama angeuona, sivyo?"

Ngonyani alitazama nje ya dirisha. Mlimani, juu ya paa za Mtaa wa Ngazini, parachichi za Kikoti zilikuwa zimeanza kuchanua. Mwaka ungepita. Mshipa ulikuwa wazi, kahawa isingekuwepo, na pete ile ingewaka ukutani nyeupe bila doa, kwa haki kabisa. Naye Msomaji yule yule aliyemtoa ndiye angelitamka neno la kumrudishia ufunguo wa valvu.

"Njoo," alisema hatimaye. "Ila nipigie kabla hujafika, nimwambie mlinzi amfungie mbwa."

Kikoti akaangua kicheko. Ngonyani hakucheka. Aliibana simu sikioni, kama alivyofundishwa zamani kusikiliza kifua cha mtu, na akasikiliza. Kicheko kilipanda, kikageuka, kikapanda tena, kikaenda hadi mwisho wake bila kukatika pumzi hata mara moja.